Jembe la Siku ya Tatu

Nchi yenyewe ina jina, ila jina hilo hubadilishwa kila Mtukufu Rais anapoamka vibaya, na aliyelishika la jana huweza kufungwa kwa kutolijua la leo. Kwa hiyo tuiache hivyohivyo. Itajijua yenyewe.

Mtukufu alirudi kutoka safari ya ng'ambo akiwa na mshangao ambao haukumtoka hata baada ya kuoga. Akawaita mawaziri wake, akawasimulia kwamba huko alikotoka aliingizwa katika jumba lenye taa nyingi, na humo ndani akawakuta watu wazima, wenye akili zao na viatu vyao, wameketi mbele ya gurudumu linalozunguka, wakipoteza fedha zao huku wakicheka.

"Wakicheka!" alirudia, akiwatazama mmoja mmoja. "Hapa kwetu wananchi hupoteza fedha kila mwaka, tena kwa utaratibu mzuri tuliouweka sisi wenyewe. Lakini nyuso zao mmeziona? Utadhani wamefiwa."

Mawaziri walikiri kwamba nyuso za wananchi zilikuwa aibu kwa taifa. Ikaamriwa ijengwe hoteli ya kasino, ya kwanza nchini, ili wageni waje wacheke na wananchi wajifunze kwa kutazama. Kucheza wenyewe walikatazwa. Ilionekana si vizuri mtu mmoja acheze kamari mbili kwa wakati mmoja, na kuishi nchini humo ilikwisha kuhesabiwa kuwa ya kwanza.

Kazi hiyo akakabidhiwa Mheshimiwa Ngebe, Waziri wa Wageni na Mila. Zamani zilikuwa wizara mbili. Ziliunganishwa ili kubana matumizi, na zilipounganishwa Mheshimiwa akaongezewa magari. Ofisini alikuwa na meza mbili, ya Wageni upande wa dirishani na ya Mila upande wa ukutani, na alikuwa mwangalifu sana asichanganye mambo. Akitaka kujiuliza jambo alijiandikia barua, akaigonga muhuri, akainuka, akazunguka, akaketi upande wa pili na kuipokea kwa mshangao.

Mheshimiwa akalichagua bonde la Mvukeni. Hapo palikuwa na chemchemi ya maji moto, na udongo wake ulikuwa na uvuguvugu mwaka mzima, hata maharage yaliota kwa haraka kama yaliyotumwa dukani. Shamba lililo bora kuliko yote lilikuwa la Bi Mkegani, mjane mwenye maneno machache na mkono mrefu wa jembe. Huyo ndiye mama yake Sikitu, na Sikitu ndiye tunayemfuata.

*

Palikuwa na kikwazo kimoja. Mtukufu alikuwa na msemo wake, uliochorwa kwenye sarafu, nyuma ya madaftari ya shule na juu ya milango ya vyoo vya serikali: Ardhi ni ya mlimaji. Ulikuwa msemo na ulikuwa sheria. Mtu akiwa analima, hata Mtukufu mwenyewe hakuweza kumwondoa, maana angekuwa anajipinga, na kumpinga Mtukufu adhabu yake inajulikana.

Mheshimiwa Ngebe akaitisha mkutano wa hadhara wa kuwapongeza wakulima wa Mvukeni kwa kutoacha kulima hata siku moja. Kuhudhuria ilikuwa lazima. Wakulima wakaacha majembe, wakaenda, wakapigwa jua, wakapongezwa. Walipokuwa wakipongezwa, wakaguzi walipita mashambani, wakatazama huku na huku, wasione mlimaji hata wa dawa. Wakaandika kwa masikitiko kwamba bonde limetelekezwa. Wakulima waliporudi na vipeperushi vyao vya pongezi walikuta vigingi.

Wakahamishiwa ng'ambo ya kilima, mahali paitwapo Mawenimawe. Walioliona jina hawakuhitaji kuliona shamba.

Sikitu alikuwa amesomea mambo ya hoteli kwa maharage ya mama yake, akapata stashahada nzuri yenye muhuri wa rangi ya zambarau. Kanuni ilitaka meneja awe mzaliwa wa pale, ili ionekane kwamba wenyeji wamefaidika. Akaitwa. Alikataa, akaitwa tena, na safari hii Mheshimiwa alimshika bega kwa upole.

"Binti yangu, hoteli ikisimama tu, shamba la mama yako namrudishia. Kwa mkono wangu huu."

Sikitu aliuangalia mkono. Ulikuwa mnene na una pete. Aliuamini kama mganga anavyoaminiwa, yaani si kwa uzuri wa dawa bali kwa ukubwa wa ugonjwa.

Alipokwenda Mawenimawe kutoa habari, mama yake alikuwa akipiga mawe kwa jembe, na mawe yakimjibu. Alimsikiliza bintiye hadi mwisho.

"Basi kaa ule, Meneja," alisema.

Tangu siku hiyo hakumwita mwanangu tena. Alimpikia, alimwombea dua, alimfulia hata kitambaa cha shingoni cha kazini. Lakini ilikuwa ni "Meneja, umekonda," na "Meneja, mbona huketi?" Na kweli Sikitu hakuketi. Ofisini alikuwa na kiti cha ngozi ambacho nailoni yake haijatolewa. Yeye alikuwa mtu wa dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani, na funguo zake kiunoni zikalia kutwa kama mbuzi aliyepotea. Dirisha lilitazama bustani, kati ya bwawa la kuogelea na jumba la kamari. Bustani hiyo ndiyo shamba lenyewe. Nyasi zake zilikuwa zimeletwa kwa ndege, na zikawa na mlinzi.

*

Siku ya ufunguzi Mheshimiwa Ngebe alivaa suti nyeupe akasimama mbele ya gurudumu.

"Ndugu wageni! Gurudumu hili mnaloliona si gurudumu la kamari. Ni gurudumu la maendeleo! Litazunguka, na litazidi kuzunguka, na kitu kinachozunguka, ndugu zangu, hakiwezi kurudi nyuma!"

Alipigiwa makofi mpaka na wale waliokuwa wanafikiri.

Wageni wakaja, wekundu kwa jua, wakarimu kwa bahati mbaya. Walikaa katika maji moto wakatoka wamelainika, wakaingia kwenye gurudumu wakatoka wamekamuka, na walikuwa wakicheka. Mtukufu alitumiwa picha za vicheko vyao kila juma. Hoteli ilipaa. Sikitu hakusubiri zaidi.

"Mheshimiwa, hoteli imesimama. Na lile shamba?"

"Imesimama, binti yangu, lakini haijasimama imara."

Miezi ikapita, vyumba vikajaa hadi watu wakalala kwenye viti vya ufukoni ambavyo havikuwa na ufuko.

"Mheshimiwa, sasa imesimama imara."

"Imara, ndiyo. Lakini kimataifa, je?"

Basi akarudi kwenye dirisha lake na funguo zake. Huenda ingesimama hata kimataifa, kama si barua iliyotoka kwenye meza ya ukutani kwenda kwenye meza ya dirishani.

Barua hiyo Mheshimiwa Ngebe wa Mila alimwandikia Mheshimiwa Ngebe wa Wageni. Ilisema kwamba mababu walikwisha kuhukumu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Iweje leo hoteli ya taifa imlaze mgeni juma zima bila kumpa? Mheshimiwa wa Wageni alijibu kwa ukali. Mheshimiwa wa Mila akajibu kwa ukali zaidi. Kwa muda meza mbili zile hazikusalimiana, na mhudumu wa chai alipata shida kujua pa kuiweka. Mwishowe Mila ikashinda kwa umri. Ikatungwa Sheria ya Ukarimu: kila mgeni wa hoteli, siku yake ya tatu, apewe jembe na alime.

Akalime wapi? Bonde zima lilikwisha kutiwa saruji. Udongo ulibaki katika bustani tu. Mlinzi wa nyasi akahamishwa, na Sikitu akapewa ufunguo wa stoo ya majembe.

Mwanzoni wageni walifurahi kupita kiasi. Bibi mmoja aitwaye Madamu Vulpina alilibusu jembe mpini, akaomba apigwe picha akiwa nalo bwawani. Watu wakavuka bahari kwa ajili ya jembe. Gazeti la serikali likaandika DUNIA YAJA KULIMA KWETU. Wizara ilipoiona furaha hiyo ikaifanyia kile ambacho wizara huifanyia furaha: iliiundia kamati. Kamati ikaleta msimamizi mwenye filimbi. Kamati ikasogeza chai ya asubuhi hadi baada ya kulima. Kamati ikaamua kwamba mgeni aliyeshinda kwenye gurudumu alime tuta refu zaidi, ili bahati isimlemaze.

Madamu Vulpina alishinda. Malengelenge ya viganja vyake yalichapishwa katika magazeti ya kwao, ukurasa wa mbele, kwa rangi.

Wageni wakaanza kuondoka siku ya pili jioni, kimyakimya, kama watu wanaotoka msibani kabla ya mchango. Kisha wakawa hawaji. Matuta waliyoyaacha yalimezwa na magugu, bwawa likapata vyura, na wachezeshaji wa gurudumu, ambao kwa kuwa raia hawakuruhusiwa kucheza, walilizungusha kila asubuhi bila dau ili lisishike kutu.

"Meneja," mama yake alimuuliza Jumapili moja, "hoteli yako sasa imesimama?"

Sikitu alichukua funguo zake. Siku hiyo alirudi kazini kwa miguu, akikipita kilima chote bila kupumzika.

*

Ndipo zikaja habari kwamba Mtukufu anakuja kukiona kile kicheko kwa macho yake.

Mheshimiwa Ngebe alifika Mvukeni ametanguliwa na jasho lake. Nyuma yake kulikuwa na mtu mwembamba wa Ikulu, Afisa Kirobo, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama.

"Meneja, nahitaji wageni," Mheshimiwa alinong'ona walipoingia ofisini.

"Hatuna, Mheshimiwa."

"Sikuuliza kama tunao. Nimesema nahitaji."

Palipohitajika umati nchini humo, umati ulibebwa kwa malori. Hilo halikuwa jambo la kufikiria. Na watu wa karibu kabisa walikuwa wa Mawenimawe. Walipakiwa wote, wakapewa mashati ya maua, kofia za ukili na miwani myeusi, wakaagizwa wawe watalii. Na kwa kuwa Afisa Kirobo alikuwa amesimama mapokezini akitazama, ikabidi waandikishwe kama wageni wa kweli, vyumba vya kweli, funguo za kweli.

"Jina?" aliuliza Sikitu.

"Profesa Chambuso," alijibu mzee mmoja mcheshi aliyemfahamu tangu utotoni, "kutoka Ulaya ya Juu."

"Ulaya ya Juu, Babu?"

"Ya chini tumeipita usiku, hatukuiona."

Mzee Chambuso na Mheshimiwa Ngebe makabila yao yalikuwa watani, na mtani hata waziri hawezi kumkasirikia mbele za watu. Mzee aliitumia haki hiyo kama mtu anayedai deni la zamani. "Mtani wangu Ngebe! Ulinihamisha bila viatu, leo unanirudisha kwa miwani. Kesho si utanioa?"

Mheshimiwa alicheka kwa meno tu.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa Bi Mkegani, katika gauni la maua makubwa, kofia ameivaa juu ya kilemba. Sikitu aliweka kalamu chini, akataka kutoka nyuma ya meza. Lakini Afisa alikuwa anatazama.

"Karibu Mvukeni, mama," alisema.

"Asante, Meneja. Chumba changu kinatazama wapi?"

"Kinatazama bustani."

"Bustani," alisema Bi Mkegani, kama anayejifunza neno jipya. Akachukua ufunguo.

Mtukufu alisemekana yuko njiani. Kesho yake alikuwa bado yuko njiani. Njia ikawa ndefu kuliko nchi. Watalii wa Mawenimawe waliketishwa mbele ya gurudumu na sarafu za plastiki, wakiamriwa kupoteza na kucheka, wakapoteza vizuri sana, ila kicheko kiligoma.

"Chekeni!" Mheshimiwa aliwasihi.

"Mtani, nakitafuta," alisema Mzee Chambuso. "Kila nikishindwa nakitafuta, lakini nikifika kinywani nakutana na ule mkutano wa pongezi."

Bi Mkegani hakushuka kucheza. Alikuwa dirishani kwake. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, na mvuke ulipanda kutoka katika bustani kama chungu kilichofunuliwa. Sikitu alipokwenda kumpelekea taulo alimkuta amesimama vilevile.

"Wiki ya kupanda imefika," mama yake alisema bila kugeuka. "Meneja, hapa mgeni akifika siku ya tatu anapewa nini?"

Sikitu aliliacha taulo kitandani. Alishuka ngazi zote kwa mbio bila kujua anakokwenda, akapanda tena, akashuka.

*

Asubuhi ya siku ya tatu walijipanga mapokezini, mashati ya maua, kofia, miwani, na mbele yao Bi Mkegani.

"Tumekuja kuchukua majembe," alisema.

Mheshimiwa Ngebe aliruka kutoka kwenye chai yake. "Majembe gani? Hawa si wage..." Akaliona jicho la Afisa Kirobo, akalimeza neno katikati.

"Si nini?" aliuliza Afisa.

"Si wageni wa kawaida! Ni wageni mashuhuri. Wageni kabisa!"

"Kama ni wageni kabisa, mbona siku ya tatu wana mikono mitupu? Sheria si ya kwako?"

"Ya kwangu. Yaani, ya meza ya pili." Mheshimiwa alimvuta Sikitu nyuma ya nguzo, pumzi ikimtoka kwa vipande. "Binti yangu, nisikilize. Usiifungue stoo. Ufunguo sema umepotea, sema umevunjika. Wakishika jembe watalima, na wakilima unaijua sheria, hakuna atakayewatoa. Shikilia hivyohivyo mpaka msafara upite, na shamba la mama yako nampa. Leo hii. Yeye peke yake. Naandika sasa hivi."

Kwa mara ya kwanza tangu hoteli ifunguliwe, funguo za Sikitu zilinyamaza. Lilikuwa ndilo shamba aliloliuzia kila kitu, liko pale, linanukia mvua, umbali wa sahihi moja. Aliuangalia ule mkono. Ulikwisha kutoa kalamu. Kisha akaitazama foleni, Mzee Chambuso na miwani yake, majirani waliogawana naye kitoweo, na mama yake mbele yao, ambaye hakuwa anamwangalia yeye. Alikuwa anaangalia mlango wa stoo.

"Anayeandika ni nani, Mheshimiwa?" aliuliza Sikitu taratibu. "Ni meza ya Wageni au ni meza ya Mila?"

Mheshimiwa Ngebe alifikiri. Alitaka kujibu, lakini hapakuwa na meza karibu.

Sikitu akatembea hadi kwenye stoo, akafungua.

*

Msafara wa Mtukufu haukusimama. Ulipunguza mwendo tu, na kioo cha gari moja kikashuka kiasi cha upana wa kiganja. Mtukufu aliona watalii wengi kuliko wote aliopata kuonyeshwa picha zao, wameinama katika mashati ya maua, majembe yakipanda na kushuka pamoja, nyasi za ndege zikiruka pembeni. Walikuwa wakiimba. Na Mzee Chambuso alikuwa amesema jambo fulani kuhusu Waziri, kwa hiyo walikuwa pia wakicheka, kicheko cha kweli, cha kushika mbavu.

"Wanacheka," alisema Mtukufu, akapandisha kioo, akaridhika.

Redio ikalitangaza mchana uleule, na ikalirudia baada ya kila wimbo: "Mtukufu amewaona kwa macho yake mwenyewe wageni wa kweli wakilima kwa furaha katika bonde la Mvukeni. Amesisitiza kwamba ardhi ni ya mlimaji."

Mheshimiwa Ngebe aliisikiliza akiwa ameketi kwenye kile kiti cha ngozi, juu ya nailoni. Angeweza kutangaza kwamba wale hawakuwa wageni, na hapo angekuwa amemdanganya Mtukufu. Angeweza kutangaza kwamba hawakulima, na hapo ingekuwa Mtukufu ndiye aliyedanganyika. Meza zake mbili ziliandikiana barua kwa majuma kadhaa, kila moja ikiilaumu nyingine, mpaka akahamishiwa Mawenimawe, ambako sasa hakuna mtu, akajenge hoteli ya pili.

Kasino haikufungwa rasmi, kwa kuwa kufunga kulihitaji sherehe na hakuna aliyetaka kuihutubia. Ukumbi wa kamari ulijaa magunia. Gurudumu la maendeleo Mzee Chambuso alilibandua, akaanikia maharage, na huligeuza kila jua likisogea ili yakauke pande zote. Kwa hiyo linazunguka bado, kama ilivyoahidiwa.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Mchana ule, vumbi la msafara likiwa halijatua, Sikitu alisimama ukingoni mwa bustani na viatu vyake vya kazini, hajui kama ana kazi, hajui miguu yake impeleke kwenye dirisha gani. Bi Mkegani alinyoosha mgongo. Kofia ya ukili ilikwisha kwenda na upepo, kilemba kimebaki.

"Meneja."

"Naam, mama."

"Umelala katika hoteli hii tangu lini?"

"Tangu ifunguliwe, mama."

"Na siku yako ya tatu ilipofika, ulipewa nini?"

Bi Mkegani alilichomoa jembe la pili lililokuwa limechomekwa kwenye tuta, akalipangusa mpini kwa gauni la maua, akalinyoosha mbele.

"Shika, mwanangu. Viatu viache hapo. Wezi wamekwenda na msafara."

Sikitu alivua viatu, akaingia. Chini ya zile nyasi, udongo ulikuwa ungali moto.